Simenti tulituma, msaragambo tukabaki nao Dar

Naandika hiki kisa kwa sababu mi ndo nilikuwa mweka hazina wa mchango wetu wa kujenga upya ndiva ya kijijini, kila shilingi ilipita kwenye simu yangu, na lawama kama nusu hivi ni zangu. Jina la kijiji nalificha maana wahusika bado tunazikana na tunaoleana. Kipo Upareni kusini, wilaya ya Same, ule upande wa mteremko, sio kule juu kwenye baridi na ukungu na sio chini tambarare kwenye mkonge na vumbi, ni pale katikati ambapo mvua ikiamua kukunyima inakunyima kweli. Sisi wenyewe tuko Dar. Kimara, Mbezi, Tabata, wawili watatu wamevuka Kigamboni. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakutana uani kwa mmoja wetu pale Kimara, tunakula makande (ndio, Wapare na makande, utani huo tumeshauzoea), tunachanga ya misiba, tunagombana kidogo, tunatawanyika.

Kwa asiyejua ndiva, ni bwawa dogo la kulaza maji. Kijito chetu ni chembamba, ukikiacha kitiririke chenyewe mchana kwenda shambani maji yananywewa na mfereji njiani, shamba la mwisho linaona unyevu tu. Kwa hiyo wazee wa zamani waliziba sehemu, maji yanaingia jioni, yanajaa usiku kucha, alfajiri mdomo unafunguliwa na yanatoka kwa kishindo, na kile kishindo ndo kinayafikisha kwa mtu wa mwisho. Milima yetu imejaa hivi vitu. Kila ndiva ina watu wake, ina zamu zake, ina mgawa maji wake ambaye anajua leo ni siku ya nani na nani alichukua zaidi juzi. Na ina msaragambo. Baragumu likilia, kila kaya inatoa mtu na koleo, tope linatolewa, mfereji unafyekwa, asiyekuja analipa faini na maji hapati mpaka amelipa. Zamani faini ilikuwa mbuzi au mtungi wa dengelua, pombe yetu ya miwa, na nasikia watu walipenda mwenzao akose kuja.

Sasa kisa chenyewe. Mvua za vuli za 2019, zile zilizopiga karibu Afrika Mashariki nzima, zilikata ukuta wa ndiva yetu upande wa chini. Picha zikaingia kwenye grupu la wasapu, ukuta umemeguka, maji ya kahawia yanaporomoka, mzee mmoja amesimama pembeni na fimbo. Dah, iliuma. Ndani ya wiki tulikuwa tumeshaahidi hela. Hatukumuuliza mtu wa kule anataka nini, tuliuliza tu fundi ni bei gani. Tukachanga kama mwaka mzima, corona ikapita katikati, tukafika milioni nane na kitu, tukachukua fundi kutoka Same mjini, akajenga ukuta wa mawe na simenti, sakafu simenti, na mdomo badala ya gogo na tope na majani ya migomba akaweka koki kubwa ya chuma ya kuzungusha kwa usukani. Desemba 2020 tulipanda wote kuizindua. Mbuzi wawili. Kila mtu alipiga picha kashika usukani, mimi pia, ilikaa kwenye profaili yangu miezi.

Wenyeji walikuja kula ila walikaa upande wao. Nililiona hilo siku ile ile nikalipuuza.

Baadaye vuli za 2021 na 2022 zikawa mbovu kote kaskazini. Oktoba 2022 mahindi ya watu yalikuwa yanakufa na ndiva ya milioni nane ilikuwa imejaa tope kufika magotini, usukani wa koki umeshang'olewa, tunadhani umeenda kwenye chuma chakavu, na koki imekwama ikiwa wazi kidogo, kwa hiyo maji yanavuja usiku kucha na asubuhi hakuna kishindo chochote. Hizo habari hazikuja kwenye grupu. Nilizipata kwa sababu nilimpigia Bamdogo kwa shida nyingine. Huyu Bamdogo ni mdogo wake marehemu baba, ana miaka 78, na ndo mgawa maji tangu mimi niko darasa la pili.

"Shikamoo Bamdogo."

"Marahaba mwanangu. Huko maji mnayo?"

Kipindi hicho Dar tulikuwa kwenye mgawo, Mto Ruvu umeshuka, mabomba yanatoa hewa, madumu ya maji bei juu. Nikamwambia tuna mgawo, huku mtaani yanatoka mara mbili kwa wiki.

Akacheka mpaka akakohoa. "Nyie mna mgawo sababu maji hayapo. Huku yapo hayo kidogo, wa kuyagawa ndo hayupo."

Nikamuuliza mbona hawaitani msaragambo watoe tope. Akanyamaza kidogo, afu akasema kitu ambacho nilikirudia neno kwa neno kwenye kikao na watu wakanuna: "Ile ndiva si ni yenu? Njooni mtoe tope lenu."

Januari 2023 nikaomba ruhusa kazini nikapanda basi Mbezi stendi mpya, nikalala Same, asubuhi bodaboda mpaka juu. Nilienda nikiwa na hasira na nilitaka nimjue aliyeiba usukani. Nilichokuta ni kitu kingine, na nataka nikieleze polepole maana ndo kiini.

Nilifikia kwa Mama mkubwa, mjane wa kaka yake baba. Jioni alitoa kamba ya kiatu nyeusi, ina funguo 9. Kila ufunguo amefunga kipande cha kitambaa maana macho hayasomi tena: kitenge cha njano ni kwa mwalimu, kaniki ni kwa yule wa bandarini, kipande cha shati la shule ni kwa binti wa mchungaji. Ni nyumba nzuri hizo, bati la rangi, vioo, marumaru mpaka barazani, zinafunguliwa Desemba na kwenye msiba basi. Yeye kila mwezi anazunguka anafungua madirisha, anafagia popo, anapaka oili chafu kwenye fremu mchwa wasile. Malipo yake ni elfu kumi kwa simu, wakikumbuka, na mwisho wa mwaka sukari na kitenge. Mimi mwenyewe nina ufunguo kwenye ile kamba. Wangu umefungwa kitambaa cha kijani. Akaniambia, "Huu wa kwako mlango umevimba, nausukuma kwa kiuno," na hakuwa analalamika, alikuwa ananipa taarifa.

Kesho yake nikazunguka na Bamdogo kaya kwa kaya. Zile zinazopata maji ya ndiva yetu zilikuwa 41 kwenye daftari lake la zamani, daftari la shule lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kati ya hizo 23 zimefungwa kabisa, wenyewe wako Dar, Moshi, Arusha. Zimebaki 18. Kati ya hizo 18, sita ni bibi au babu peke yake, au na mjukuu. Kwa hiyo wenye mgongo wa kushika koleo siku nzima unapata 12, na mmoja wao ndo anaendesha bodaboda iliyonileta. Shule niliyosoma tulikuwa mikondo miwili, nilipopita mwalimu akanambia darasa la kwanza wameandikisha 19, na wengi ni wajukuu walioletwa na mama zao kutoka mjini, wakifika la nne wanafuatwa wanarudi walikotoka. Kaburi nalo siku hizi kuna wakati linachimbwa na vijana wa kulipwa wanaopandishwa kutoka tambarare. Hilo la kaburi lilinishtua kuliko la ndiva, ila tuendelee.

Tulisimama ukingoni tukapiga hesabu. Ndiva ina kama mita 20 kwa 15. Tope limefika magoti, tuseme sentimita 40. Hiyo ni kama mita za ujazo 120. Tope bichi ni zito, mtu mwenye nguvu akilirusha juu ya ukuta siku nzima anatoa mbili, mbili na nusu hivi. Kwa hiyo unahitaji siku za mtu mmoja kama 50. Kaya 41 zikitoa mtu mmoja mmoja, na nyingine zilikuwa zinatoa wawili, ni kazi ya siku moja, jioni watu wanakunywa. Kwa watu 12 ni siku nne mpaka tano mfululizo, na hiyo ni kabla hujagusa mfereji, na ni wakati ule ule ambao na wao wanatakiwa wawe wanapanda. Afu inarudiwa kila msimu. Na ukishamaliza, maji yanayotoka yanapita kwenye mifereji ya mashamba 23 ambayo hakuna anayeyalima, magugu yamejaa, nusu ya kishindo inafia humo.

Hapo ndo hasira yangu ya usukani ilipoishia. Sisi tulidhani ndiva ni ukuta. Ukuta ndo kitu rahisi kuliko vyote pale, hata ule wa zamani wa udongo ulikuwa unakatika na unajengwa tena kwa siku mbili. Ndiva ni zile kaya 41 zenye koleo, na hizo sisi ndo tuliziondoa.

Na hatukuziondoa jana. Kwetu shule ilifika mapema, Wasabato walianza kazi Upareni mwaka 1903, Walutheri nao wakajenga zao, na wazee wakaamua kwamba shule ndo zao la biashara. Kahawa ilikuwepo kulipa ada. Kahawa ikatunzwa ili mtoto asome ili asije kulima kahawa, yani ukifikiria vizuri mpango mzima ulikuwa wa kututoa. Ulifanikiwa. Baadaye mwaka 1989 ule mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ukavunjika, bei ikaanguka duniani, ruzuku ya dawa ikaisha, ugonjwa wa chulebuni ukakausha mabuni kwenye matawi, na baba yangu mwaka 2002 akakata mibuni akapanda mahindi. Mimi wakati huo niko Dar tayari. Hakuniambia, nilirudi nikakuta visiki.

Ukitaka kuona hilo kwa ukubwa angalia sensa. Kati ya 2012 na 2022 Watanzania tulitoka 44,928,923 tukafika 61,741,120, zaidi ya theluthi imeongezeka. Mkoa wa Kilimanjaro ulitoka 1,640,087 ukafika 1,861,934, haifiki hata asilimia 14, na hapo umechanganya na Moshi mjini na miji mingine inayojaa. Watu wa kule kuzaa hawajaacha. Ongezeko lao liko kwenye foleni ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi.

Nilivyorudi nikapeleka taarifa kikaoni. Wa kwanza kuongea akasema tuchange vibarua, siku 50 mara elfu kumi ni laki tano, kwa misimu miwili milioni moja kwa mwaka, sisi watu zaidi ya thelathini, shida iko wapi. Na kweli tulifanya hivyo mara moja, Februari 2023, tope likatoka, usukani mpya ukanunuliwa na ukapewa Bamdogo alale nao ndani. Wiki tatu mambo safi. Afu goti la Bamdogo likavimba. Kufungua ndiva ni saa kumi na moja alfajiri, kuna giza, kuna umande, ni mwendo wa nusu saa kwenye mteremko, na baada ya kufungua unatembea na maji, unayafuata kwenye mfereji, unaziba huku unazibua kule, mpaka saa nne. Huyo mtu huwezi kumlipa kibarua wa siku moja, lazima awe anaishi pale na awe na shamba lake linalosubiri maji yale yale. Mtoto wa Bamdogo anayejua hizo zamu anaendesha bajaji Mbagala. Tulimwambia arudi tutamlipa, akatuuliza kwa heshima kabisa kwa nini asirudi mmoja wetu, mwenye pensheni.

Kitu ambacho hakuna aliyetaka kukigusa kikao kizima kilikuwa ardhi.

Maana watu wa kuishi pale wapo. Tambarare chini kuna familia zinalima fiwi na mahindi kwa kubahatisha mvua, misimu miwili mibovu ikifuatana wanabaki hawana kitu, na kuna vijana wa huko ambao wangepanda juu kesho asubuhi wakipata robo eka yenye maji. Walishamwomba Bamdogo. Akawaambia shamba sio langu, ni la fulani yuko Dar. Wakampigia fulani. Fulani akasema shamba la babu halikodishwi, au akasema lima msimu mmoja tu, na hakuna mtu mwenye akili anahamisha familia na kuchimba tope kwa ajili ya msimu mmoja.

Kisheria hatuko salama kihivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mlango wa kulitangaza shamba limetelekezwa kama halijatumika kwa miaka isiyopungua mitano. Ila halmashauri ni binamu zetu, na wanatujua, Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, sasa kesi ya shamba je? Hakuna mwenyekiti atakayethubutu. Kwa hiyo tumekaa hivyo, tuliondoka bila kuachia. Kama tungekuwa tumeuza kila kitu na kupotea, nadhani ile ndiva ingekuwa inafanya kazi mpaka leo. Niliposema hivi kikaoni kaka yangu alitoka nje kupokea simu ambayo haikuita.

Tulivutana miezi mitano. Mwishowe tukakubaliana kitu tunakiita siku za koleo: kila mwenye shamba chini ya ndiva, awe yuko au hayupo, anadaiwa siku mbili za koleo kila msimu. Ambaye hayupo ana njia mbili, alipe hizo siku kwa hela, au akabidhi shamba kwa mtu anayelima na anayechimba, kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji, misimu sita, miaka mitatu, bila kodi. Bila kodi ndo palipowaka moto. Watu wanaolipa laki mbili ya baa wikiendi walipiga kelele kuhusu gunia moja la mahindi. Kati ya kaya 23 wamesaini 7. Wengine karibu wote wamechagua kulipa hela, ambayo nakusanya kwa kusumbua.

Kwenye hizo saba walipanda vijana wawili kutoka tambarare, kila mmoja na mke wake, wa kwanza wana mtoto mchanga, wa pili hawana mtoto bado. Wanalima nyanya na hoho na vitunguu, vitu ambavyo sisi tuliona havifai milimani kwetu kwa sababu baba zetu walilima kahawa. Yule wa kwanza ndo anafungua ndiva sasa. Bamdogo alimfundisha zamu kwa kutembea naye wiki mbili, akishika bega lake kwenye mteremko, na daftari akampa alinakili, la kwake akabaki nalo. Vuli ya 2023 ile ya El Niño ikaleta tope jingine la kutosha, wakalichimba siku nne, safari hii baragumu lilipulizwa na wenyeji walikuja. Bamdogo aliniambia walikuja kwa sababu mgeni alikuwa ameshaanza kuchimba peke yake tangu alfajiri na wakaona aibu.

Sitaki kudanganya kwamba kijiji kimejaa tena, hapana. Kaya mbili zimeongezeka, na tangu pale tumezika wazee watatu, wawili wakiwa wanaishi peke yao. Mama mkubwa sasa ana funguo 11. Kuna wanaosema tumewauzia watu baki ukoo, kwenye grupu hilo linarudi kila baada ya mwezi, na kuna mmoja kati ya wale saba ameshaanza kuulizia kama anaweza kulichukua shamba lake mapema kwa vile ameona nyanya zinalipa. Hiyo vita naiona inakuja.

Shamba letu sisi, mimi na kaka, halimo kwenye saba. Yeye hataki kusaini na hati ya familia inataka wote, kwa hiyo namlipia siku za koleo na zangu, elfu arobaini kila msimu. Liko katikati kabisa ya mashamba mawili ya yule kijana, magugu yanafika kiunoni, maji yake yanapita kwenye mfereji wetu na anatufyekea bure maana asipofyeka hayamfikii.

Desemba iliyopita nilisimama naye pale asubuhi, maji yanapita, suruali yake imelowa mpaka magotini. Akaniuliza, "Kaka, mpaka wenu unaishia wapi? Nisije nikawaingilia." Nikaangalia nikitafuta masale, ile mimea ya mpaka ambayo baba alipanda pembeni. Niliona magugu tu. Nikamwambia ngoja Bamdogo afike atatuonyesha.